Mikebe Mipya na Koti la Studio

Wewe unayenisikiliza, cheka mapema ili nisione aibu peke yangu, maana mpaka leo nikipita Pap Onditi ninavuta kofia hadi machoni.

Miaka ya themanini nilikuwa na studio ya picha hapa Kisumu, na nyuma ya pazia kulikuwa na maboksi yaliyojaa negativu, zile filamu za kutolea picha, kila ukanda ndani ya bahasha yenye majina ya waliopigwa. Mchwa walipoanza kula maboksi nikanunua mikebe ya chuma, na hapo ndipo nikajifanya mjanja: bahasha zinajaza nafasi, basi nitoe negativu zote niziingize kwenye mikebe haraka haraka, bahasha nizipange dirishani, majina nitayaandika baadaye. (Dirisha lilitazama ziwa. Unaujua upepo wa ziwa wakati wa alasiri. Mimi pia nilikuwa naujua.) Bahasha zikapeperuka zote, na zile nilizookota kwa wauza omena, wale dagaa wa ziwani, zilikuwa tayari zimefungiwa omena.

Kesho yake akaja mama mmoja aliyefiwa na mumewe, mazishi ni siku inayofuata, anataka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza.

"Hatuna nyingine," akaniambia. "Ni hiyo moja tu uliyompiga wewe."

"Alikuwa amevaa nini, Mama?"

"Koti la milia na tai."

Nikamwambia hiyo ni kazi rahisi. Nikainua ukanda wa kwanza kwenye mwanga: koti la milia. Wa pili: koti la milia. Lilikuwa koti langu, bwana, koti la studio, nililowaazima wanaume wote wa wilaya.

Nikachagua mwenye sura ya upole (kwenye negativu uso ni giza na nywele ni nyeupe, hata wewe ungekosea), nikaitoa kubwa, nikaitia kwenye fremu, na jioni nikaipeleka mwenyewe hadi kwao Pap Onditi nikitegemea shukrani. Mama akafunua karatasi mbele ya watu. Kwaya ya mazishi ikakatiza wimbo katikati. Wote wakaitazama picha, kisha wakamtazama mwalimu wa kwaya, kisha wakairudia picha.

"Bwana Picha," mwalimu akasema polepole, "mimi nimekuja kuimba tu."

"Ungetuambia mapema, Mwalimu," mzee mmoja akadakia, "tungechimba mawili."

Hata Mama alijifunika leso, mabega yakimtikisika, na nikajua hicho si kilio. Lakini alipoiondoa, macho yake yalikuwa yamebadilika. "Sasa kesho nitaweka nini?"

Nilitamani kuingia ndani ya ile fremu. Mwalimu ndiye aliyeniokoa: "Siku niliyopigwa picha hii tulikwenda pamoja na marehemu. Nilipovua koti, yeye ndiye aliyelivaa, likiwa bado na joto langu."

Basi nikarudi mbio Kisumu, nikautafuta ukanda wa mwalimu, na picha iliyomfuata ndiyo nikaitoa. Asubuhi nilimwonyesha Mama peke yake, kando ya jiko. Aliishika muda mrefu.

"Ni yeye," akasema. "Hilo koti lilimbana, alirudi nyumbani akililalamikia."

Kwa hivyo ukihamisha picha zako, hata kama ni nyingi kiasi gani, shika bahasha moja, andika majina yake kwenye mkebe mpya, weka filamu ndani, ndipo uguse bahasha ya pili. Lakini kwanza funga dirisha.