Koplo Aliyeogopa Ukuta

Ukuta umemuua yule koplo tuliyepanga naye hapa Biharamulo, kando ya barabara iendayo Ngara. Umemuua mchana, mvua ikinyesha, ndani ya chumba chake mwenyewe, na mimi nilikuwa chumba cha pili. Ninyi mnaonisoma hapa gazetini mmezoea niwachekeshe na habari za baiskeli ninazotengeneza sokoni. Leo mnisamehe. Hata sasa, kila wingu likijikusanya upande wa Bisibo natoka nje.

Labda hujui askari anafikaje kupanga ua mmoja na fundi baiskeli aliyeishia darasa la saba. Watu hudhani kambi haijai. Inajaa. Makapera hubanana mabwenini, lakini mwenye mke na mtoto huwezi kumbana humo. Nyumba za familia zikiisha anaambiwa atafute chumba uraiani, tena pasiwe mbali, pawe mahali gari la kambi linaweza kumfuata akihitajika ghafla. Basi hana la kuchagua, anapanga palepale barabarani, na wenye nyumba wanalijua hilo. Wakisikia kambi imepokea watu wapya, vyumba vinaota kuliko magugu: tofali mbichi, udongo badala ya saruji, halafu plasta nyembamba mbele na rangi ya kung'aa. Sisi raia tunafuata nyuma. Hapa kwetu askari mmoja akishapanga, nyumba nzima imepata sifa. "Hata jeshi limekagua, ingia tu." Kwa maneno hayohayo nami niliingia.

Ukaguzi wenyewe niliuona. Ofisa wa kambi anayeshughulikia makazi alikuja na gari, akauliza choo kiko wapi, akatazama kama gari linaweza kugeuka uani, akachungulia mlangoni, akaondoka. Nyuma ya nyumba hakufika. Huko nyuma plasta hakuna, na maji ya bati yalikuwa yakidondokea msingi mpaka tofali za chini zimelika kama sabuni.

Koplo alifika nyuma. Alikuwa kijana wa Kaniha, mtoto wa wakulima, mpole, hakunipita bila kusema "Shikamoo mzee", ingawa mvi zangu ni za shida, si za umri. Tangu mvua za kwanza hakukaa ndani ikinyesha. Alimtoa mkewe na mtoto, wakasimama wote watatu kwenye banda la kuni katikati ya ua, yeye na koti lake la mvua. Ua ukawa unamcheka. Siku moja mwenye nyumba, yule mwenye duka la mbao karibu na stendi, alimkuta pale.

"He, afande! Ukuta unakutisha? Adui akija je, si utamkimbilia mama yako?"

"Adui nitamwona akija, mzee. Huu ukuta wako unanijia mgongoni."

"Basi rudi kambini kwenu."

"Kambini kumejaa. Nimeomba hata stoo, nimeambiwa nisubiri mpaka mtu ahamishwe."

Mwenye nyumba alicheka mpaka akashika kiuno. Kesho yake akaleta fundi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye ufa aliuziba kwa rangi.

Siku yenyewe mvua ilianza baada ya chakula cha mchana. Wakatoka kama kawaida yao. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu naziba pancha, nawatazama. Mara koplo akakumbuka sare na buti zake, maana bati lilikuwa linavuja na kesho yake kulikuwa na gwaride. Mkewe, binti wa Ngara, akamshika koti.

"Baba, ziache."

"Zikilowa, utanijibia wewe kwa mkubwa?"

Akaingia. Msidhani kulikuwa na mshindo mkubwa. Nilisikia kama mtu amebwaga gunia la mahindi, kisha bati zikalia, na ukuta uliotutenga ukanijia. Nilitoka kwa magoti, mdomo umejaa udongo. Mkewe alikuwa amesimama palepale, mtoto kifuani, anaita jina la mumewe kuelekea mahali palipokuwa na mlango. Tulichimba kwa majembe. Tulimkuta ameshika buti.

Mtu aliyeogopa ukuta aliingia chini yake kwa sababu kuna kitu alikiogopa zaidi. Usiku silali nikiliwaza hilo.

Majina gazeti litayafuta, najua, basi nitataja vyeo. Aliyejenga ni mwenye duka la mbao. Aliyepelekewa malalamiko ya koplo, mimi nikiwapo, akajibu kwamba nyumba ya mtu haiulizwi, ni mwenyekiti wa kitongoji. Aliyekagua mlango akaacha nyumba ni ofisa wa makazi. Msibani walisimama mstari wa mbele wote, wakasema mvua za mwaka huu zimezidi. Mvua haikujenga!

Na nusu ya nyumba bado imesimama, watu wanalala humo. Nilimwomba jirani yangu, mama wa watoto wawili, twende tukajihifadhi ukumbi wa parokia. "Nikitoka chumba kinachukuliwa leo leo, kaka," akasema. "Halafu niende wapi?" Juzi ameletwa askari mwingine na mkewe mjamzito kuonyeshwa chumba cha mwisho, kwa kuwa kambi bado imejaa. Nilimwambia, "Mwanangu, zunguka nyuma uone." Mwenye nyumba akanikodolea macho, akacheka: "Mwache huyo mzee, tangu siku ile anaogopa hata kivuli." Askari naye akacheka kwa heshima, akasema gari linamsubiri. Mkewe hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama ukuta, akamfuata mumewe.

Basi nililojifunza ni hili, na nimelijifunza kwa udongo mdomoni: mtu akikuambia anaogopa, usimuulize cheo chake. Muulize ameona nini.