Bingwa wa Mchezo wa Polepole

Velempini Tshuma aliuza bima ya mazishi, kazi isiyokosa wateja hata siku moja, ingawa hakuna mteja aliyewahi kurudi kumshukuru. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, katikati ya Bulawayo. Mlikuwa na meza, albamu ya picha za majeneza ya kuchagua, na kompyuta mpya; ile kuukuu kampuni ilimruhusu aichukue nyumbani, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Nyumbani kulikuwa mtaa wa Nkulumane, katika nyumba ya wazazi. Wazazi wenyewe walikuwa wamezikwa vizuri, kwa bima aliyowakatia yeye. Kaka yake alikuwa Johannesburg, dada mmoja Cape Town, mwingine Australia, na kila mmoja alipoondoka alimwachia maneno yale yale: wewe baki kidogo, uiangalie nyumba. Alibaki. Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nyumba ilikuwa imeangaliwa vya kutosha. Mke pia alikuwapo wakati fulani. Alivuka mpaka kwenda kununua bidhaa za biashara, akafika salama, akaona hakuna haja ya kuzisindikiza kurudi.

Katika maisha yake yote Vele alikuwa amewahi kuwa wa kwanza katika jambo moja tu, nalo halikuandikwa popote. Alipokuwa mvulana, mzee Khabo, aliyeendesha treni, alileta kutoka Francistown mashine ya kijivu ya michezo, ya kuchomekwa kwenye televisheni, pamoja na kaseti moja ya mchezo wa ngumi. Jina la mchezo lilikuwa kwa maandishi ya Kijapani, kwa hiyo mtaa ukaupa jina lake wenyewe: Nqindi, yaani ngumi. Bondia mmoja mwekundu, mwingine wa bluu. Wavulana wa mitaa minne walijazana sebuleni kwa Khabo. Aliyeshindwa aliinuka, aliyeshinda alibaki kitini, na Vele aliweza kubaki kitini tangu chakula cha mchana hadi mzee Khabo alipotaka taarifa ya habari. Hakuwa na ufundi mwingi. Hakutangulia kupiga kamwe. Alingoja bega la mwenzake lishuke, dalili kwamba ngumi inakuja, kisha akampandishia ya kidevu kutoka chini. Mandlenkosi Khabo, mtoto wa mwenye nyumba, alikuwa wa pili kwa ubora, maana yake ndiye aliyepigwa kuliko wote.

Ndiyo sababu Vele, aliposoma kwamba siku hizi kuna programu ya kuifanya kompyuta ijidai kuwa mashine ya zamani ya michezo, aliiweka kwenye kompyuta ile iliyokataliwa ofisini. Watu wa mambo hayo huiita kiigizi. Kinaigiza moyo wa mashine, sauti yake, hata makosa yake, na kaseti hugeuka faili la kawaida. Faili la Nqindi lilikuwa dogo kuliko picha moja ya jeneza.

Jumapili moja, umeme uliporudi baada ya chakula, aliketi, akachagua bondia wa bluu, akangoja bega lishuke. Bega lilishuka. Kabla kidole chake hakijafika mahali, alikuwa chali. Akajaribu tena. Muziki ulikuwa ule ule, ila ulikuwa ukikimbia, mwembamba, kama mtu anayesimulia msiba akiwa na haraka ya kuwahi basi. Mabondia nao walirukaruka kama wanaokanyaga makaa. Kompyuta ilimwangusha alasiri nzima.

Mlango wa jikoni ulibishwa. Alikuwa MaDlodlo, mjane aliyepanga vyumba vya nyuma.

"Tshuma, kuna nini humo? Nasikia watu wanapigwa."

"Mchezo, MaDlodlo."

"Wa watoto?"

"Wa watu wazima. Wa zamani."

MaDlodlo alichungulia skrini. "Wewe ni yupi?"

"Wa bluu."

"Huyo aliyelala?"

"Ndiye."

"Haya. Mimi nilidhani umepata wageni, nikaanza kuchemsha chai." Akatazama kidogo tena. "Kumbe ni huyo tu."

Alipoondoka, Vele aliandika malalamiko kwenye ukurasa wa mtandaoni wa wapenzi wa kiigizi kile. Aliandika kwa heshima, kama anavyowaandikia wakubwa wa kampuni, kwamba programu yao ni nzuri lakini inakwenda mbio kupita kiasi, na kwamba yeye anaufahamu mchezo huu vizuri, kwa kuwa ndiye aliyekuwa bingwa wake. Chini aliandika Bulawayo, Zimbabwe, lakini hakusema ubingwa wenyewe ulikuwa wa wapi.

Siku ya pili alijibiwa na mtu aliyejiita kwa jina la samaki. Samaki alieleza kwa upole. Televisheni za Japani na Marekani zilikuwa zikiburudisha picha mara sitini kwa sekunde. Za Ulaya, na za kwenu huko kusini mwa Afrika, mara hamsini. Michezo mingi ilitengenezwa kwa ajili ya sitini. Ikichezwa kwenye hamsini hujikokota, muziki hulegea na picha hubanwa na ufito mweusi juu na chini. "Kwa hiyo programu haina kosa," alimalizia Samaki. "Ni utoto wako uliokuwa polepole." Chini yake watu kumi na kitu walikuwa wameweka alama ya kucheka.

Vele alisoma jibu hilo akila isitshwala, ugali wa kwao, na mboga kavu, akalisoma tena akiosha sahani. Ule ufito mweusi aliukumbuka. Yeye alidhani televisheni ya mzee Khabo ilikuwa inaomboleza mtu. Sasa alikuwa ameambiwa, na mgeni mwenye jina la kitoweo, kwamba ubingwa wake ulikuwa wa mchezo mwingine, uliochezwa na watu waliotia maji kwenye maziwa bila kujua. Duniani palibaki mtu mmoja tu wa kushuhudia kwamba alikuwa bingwa wa kitu, na mtu huyo, Mandlenkosi Khabo, alikuwa Uingereza.

Samaki, kwa wema wake, alikuwa ameonyesha mahali pa kubadilisha. Vele alikwenda kwenye orodha ya mipangilio, akachagua Ulaya. Muziki ulishuka, ukawa mzito, ukawa ule wenyewe. Ufito mweusi ulirudi. Bega la bondia mwekundu lilishuka taratibu kama jua linalojua halina mshindani, na Vele akampandishia ya kidevu. Alishinda mapambano saba mfululizo. MaDlodlo alikuwa kanisani, kwenye mkutano wa wanawake.

Kushinda kompyuta ni sawa na kujipongeza kwenye kioo. Jumamosi alimpigia Mandla.

"Khabo."

"Tshuma? Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Una uhakika? Wewe ukipiga simu huwa kuna mtu amekufa. Sema tu, nimeketi."

"Hakuna aliyekufa, bwana. Nataka tupigane."

"Mimi na wewe?"

"Nqindi," Vele akasema.

Kicheko kilichotoka Uingereza kilimfanya aiondoe simu sikioni. Mandla, kumbe, alikuwa na kiigizi hicho hicho miaka mingi. Alicheza na binti yake.

"Basi tucheze kwa mtandao," Vele alisema. "Kesho. Ila uweke Ulaya. Ile ya hamsini."

"Ile ya kukokota miguu? Tshuma, ile nikiiweka binti yangu huuliza kama mashine inaumwa."

"Ndiyo tuliyocheza."

"Ndiyo uliyonipigia, sema ukweli. Mimi nimeizoea hii. Hii ndiyo yenyewe, walioitengeneza waliikusudia hivi."

"Walioitengeneza hawakuwa kwenu sebuleni."

Mandla alipumua. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa laini, yenye mto wa kulalia chini yake. "Haya, baba. Tutacheza ya kwako. Usijali kabisa."

Jumapili Vele alivaa shati safi, ingawa hakuna ambaye angemwona. Aliomba umeme usikatike, kwa Mungu na kwa shirika, bila kupendelea. Wakahakikisha kwamba faili ni lile lile na mpangilio ni ule ule, wakaunganisha, na sauti ya Mandla ikaingia masikioni mwake ikiwa karibu sana, karibu kuliko ya mtu yeyote aliyekuwa ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu.

"Uko tayari, bingwa?"

"Niko tayari."

Neno bingwa lilimpiga mahali ambapo hakuwa ameziba.

Pambano la kwanza Vele alishinda. La pili pia. Alingoja, bega la mwekundu likashuka, akapandisha. Alitaka kufurahi, na kwa dakika chache alifurahi. Lakini katika la tatu alianza kuliangalia lile bega. Lilikuwa likishuka mapema, likikaa chini muda, kama mgonjwa anayemsogezea muuguzi mkono. Mandla wa zamani alipenda kuzungukazunguka na kutukana. Huyu alisimama mbele yake wazi, na kila alipoanguka alisema, "Vizuri sana. Umeona? Bado unaweza. Vizuri sana."

Mandla alitunza wazee, kwenye nyumba ya wazee, katika mji wenye mvua. Aliwalisha uji, akawasifu wakiumaliza. Vele aliijua sauti ile. Yeye mwenyewe alikuwa na ya kwake, ya kuwapokelea wafiwa ofisini, na aliitambua hii kama mtu anavyotambua shati lake kwenye kamba ya jirani.

Akaacha kupiga. Mabondia wakabaki wakitazamana, wakihema kama walivyopangiwa.

"Mtandao umekwama?" Mandla aliuliza.

"Khabo, unanipa."

"Nakupa nini?"

"Unanipa uso. Unasimama tu."

"Ni mchezo, Tshuma. Umefurahi, mimi nimefurahi."

"Ndivyo unavyowafanyia wazee wako huko?"

Kengele ya raundi ilipigwa, hakuna aliyesogea.

"Wao huwa hawajui," Mandla alisema.

Vele alitazama ufito mweusi juu ya skrini, kisha wa chini. Angeweza kunyamaza. Angeweza kuendelea kushinda kila Jumapili, kama wale wazee wanavyomaliza uji, na Mandla angekuja kila alipopata nafasi, kwa huruma, jambo ambalo lina faida zake. Wafiwa wengi aliowahudumia walitosheka na pungufu ya hapo.

"Weka ya haraka," alisema.

"Utalia."

"Weka. Halafu piga kweli. Ukinihurumia nakata waya."

"Tshuma, mimi na binti yangu tunacheza hii kila—"

"Weka, bwana, unaongea kama mke wa mchungaji."

Mandla akacheka kidogo, puani. Wakabadilisha, wote wawili. Muziki ukaanza kukimbia.

Kilichofuata hakikuwa pambano. Vele alingoja bega, na bega lilikuwa limeshashuka, limeshapanda na kurudi kwao. Alianguka. Akainuka, akaanguka. Katika pambano la pili Mandla alianza kuzungukazunguka, na katika la tatu mdomo wake ukafunguka.

"Yuko wapi? Mtaa mzima unamwogopa, yuko wapi? Aa, yule pale, amelala. Simama, mzee, hapo hakuna godoro."

"Nakuja."

"Unakuja na nini? Na ngalawa? Nimeshapiga, nimekunywa chai, wewe ndio kwanza unavaa glavu. Baba yangu alikuwa na treni ya makaa ya mawe yenye haraka kuliko wewe."

Vele alikuwa akicheka kiasi kwamba hakuona skrini vizuri, na hilo halikubadilisha matokeo. Hakushinda hata pambano moja. Mara moja tu, bila kupanga, kidole chake kilitangulia mawazo, na bondia wa bluu akampandishia mwekundu ya kidevu, safi, wakati Mandla akiwa katikati ya sentensi.

"Mjinga wewe," Mandla alisema, kwa hasira kabisa, na hakukuwa na mto wowote chini ya sauti hiyo. Kisha akamwangusha mara mbili ili kusahihisha mambo.

Baadaye kidogo sauti ya mtoto ilisikika upande wa Uingereza, ikiuliza kitu kuhusu viatu.

"Naingia zamu," Mandla alisema. "Jumapili ijayo niko kazini. Na ile ya baada yake pia."

"Sawa."

"Lakini nitakutafuta."

"Sawa, Khabo."

"Ujifunze. Ukibaki hivi nitaona aibu kukupiga, na nikiona aibu unajua nitakavyofanya."

"Najua."

Mawasiliano yakakatika. Vele alikuwa muuza bima. Alijua tofauti ya ahadi yenye tarehe na ahadi isiyo na tarehe, na hii hakuihesabu. Alivua vifaa vya kusikilizia. Nyumba ilikuwa kimya kwa namna ya nyumba zinazoangaliwa na mtu mmoja. MaDlodlo alikuwa amesafiri Gwanda kwenye harusi.

Mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda kwenye mipangilio, ukasimama juu ya neno Ulaya. Aliuacha hapo kwa muda. Halafu akafunga orodha bila kugusa kitu, akachagua kucheza peke yake dhidi ya kompyuta, kwenye sitini. Raundi ya kwanza alianguka mara moja. Ya pili pia. Katika ya tatu alijaribu kutongoja, kitu alichokuwa hajawahi kukifanya tangu azaliwe, na akafanikiwa kubaki amesimama mpaka karibu na kengele.