Bolti Ngumu Niliyoiweka Mwenyewe

Watu wa hapa Thamesmead, London, wakiniona nachechemea wanadhani ni kisukari, nami nimewaacha wadhani hivyo kwa sababu ukweli unaniuma kuliko goti lenyewe, lakini leo nausema, na Deo namtaja.

Huyu Deo, Mtanzania mwenzangu, ndiye aliyenitafutia kibarua cha kusafisha mazizi ya farasi huko pembezoni kabisa mwa jiji, na ndiye aliyemdanganya mwenye farasi, mama wa Kizungu tunayemwita Bi Joan, kwamba nilikuwa fundi wa kiwanda cha mkonge Korogwe (nilikuwa nafagia, shule niliishia la nne). Sikukanusha. Bi Joan akasema nikiiweka sawa mashine yake kuukuu ya kufunga majani makavu marobota, ataniajiri moja kwa moja.

Jumamosi Deo akaalika wenzetu waje kupakia, mke wangu Salome akaja na pilau. Trekta ikaanza kuvuta mashine, pini ya kwenye gurudumu zito ikakatika. Nikaweka nyingine, ikakatika, na ya tatu vilevile, akiba ikaisha, Bi Joan akaenda dukani kutafuta zingine akaniambia nisiguse kitu.

"Fundi gani huyu anasubiri duka?" Deo akasema mbele ya watu. "Weka bolti ngumu, mvua hiyo inakuja."

"Mwacheni mume wangu," Salome akacheka, maana naye aliuamini huo ufundi, "mkonge wote wa Korogwe umepita mikononi mwake."

Basi hapo ningesema nini? Kule kiwandani niliona kitu kikikatika mara mbili wanaweka kigumu zaidi, kazi inaendelea, na hakuna aliyeniambia kwamba pini hii imewekwa laini makusudi, ikatike yenyewe mashine ipone. Nikachomeka bolti. Yakatoka marobota manne, watu wakapiga makofi, Deo ananipiga picha. La tano, sindano zinazopitisha kamba zikachelewa kurudi (zilikuwa zimelegea, ndizo zilizokuwa zinaikwamisha mashine mpaka pini inakatika, fundi wa kweli angezitazama kwanza), chuma cha kushindilia majani kikazigonga, lile gurudumu zito likapasuka, kipande kikanivunja goti.

Bi Joan alinikuta chini natapika. Akauliza nani kaweka bolti.

"Mimi nilimkataza," Deo akajibu, kwa Kiingereza safi.

Bi Joan akaniuliza Korogwe nilikuwa nafanya kazi gani hasa. Nikasema, tena kwa sauti kubwa kwa sababu ya maumivu, nilikuwa nafagia. Salome alikuwa amekipakata kichwa changu. Akakilaza kwenye majani, taratibu, akaenda kukusanya sahani zake.

Ajira sikupata, na kibarua nacho kikaisha. Siku hizi mtu akinisifia kitu ninachokijua nusu namkatiza papo hapo, nasema sikijui, na nimeapa itakuwa hivyo mpaka nife. Nimechelewa, najua. Mashine ya kufulia ikikwama nyumbani Salome anamwita jirani, na mimi nimekaa pale pale kwenye kochi.