Mchicha Pori wa Konde la Bondeni

Tangu afiwe na mumewe, Arlys Tvedt alilima mahindi kaskazini mwa Iowa pamoja na mdogo wake, Verlyn. Mwaka ule walipomaliza kupanda, akanyunyiza dawa ya kuzuia magugu yasiote. Dawa ile haifanyi kazi mpaka mvua iizamishe ardhini, na mvua ikagoma. Siku ishirini na mbili ni vumbi tu.

Kisha ikanyesha siku tisa mfululizo, baridi, trekta lisiweze kuingia shambani. Arlys alikuwa akisimama dirishani na kikombe cha kahawa, akiona konde la bondeni likigeuka kijani mapema mno. Mahindi hayaoti katikati ya mistari.

Tope lilipokauka, alishuka kwa miguu. Mchicha pori, gugu linalosonga mahindi, ulikuwa umempita kifundo cha mguu, umesongamana kama manyoya.

"Tunyunyize leo leo," alisema Verlyn.

"Na upepo huu? Dawa itaangukia maharage ya Orrin."

"Dada, kesho tutakuwa tumechelewa."

"Basi tuchelewe. Sichomi shamba la jirani."

Upepo ulitulia baada ya siku mbili. Wakanyunyiza. Majani yalinyauka, wakapumua. Lakini kabla wiki haijaisha Arlys aliinama, akakuta kila shina lililokauka linachipua upya ubavuni.

"Huu umeshaizoea dawa," alisema.

Verlyn alivua kofia. Mmea mmoja wa namna ile, ukiachwa, humwaga mbegu laki kadhaa.

"Nitalifyeka konde lote," Arlys alisema. "Kabla haujatoa maua."

"Na mahindi?"

"Na mahindi."

"Baba angekuwepo angekutandika."

"Baba hakuyaona haya."

Alikataa kumwachia Verlyn usukani wa trekta. Kutwa nzima aliendesha yeye, mahindi yaliyomfika kiunoni yakilala chini ya visu pamoja na magugu, na harufu yake tamu ikampanda kichwani.

Asubuhi alikwenda kwa Orrin, akamkuta akitia grisi mashine zake.

"Nimekuja kukwambia," alianza. "Maji ya mvua ile yalipita kwangu yakaja kwako na mbegu. Kagua maharage yako kando ya mtaro."

Orrin alisugua mikono kwa kitambaa.

"Nimekwishakagua, mama," alisema. "Mchicha umefika mpaka barabarani."

Wakaenda pamoja kutazama.