Beringi ya Mbele Kushoto

Mama alisema, "Simamisha gari," tukiwa tumeshatoka Mbale, tumeingia barabara ya Tirinyi, na mimi ndiyo kwanza nimeongeza mwendo. Nikadhani anataka kujisaidia. Kumbe anataka kushuka kabisa. "Gurudumu linalia," akasema. "Nilisikia hivi hivi siku ile."

Siku ile ni ya zamani, mimi bado sijaolewa. Teksi aliyopanda ilichomoka gurudumu la mbele, ikamtupa mtaroni, na nyonga yake haijakaa sawa tangu hapo. Ndiyo maana basi haliwezi, ngazi zinamshinda, na gari la mtu asiyemjua haingii hata umbembeleze namna gani. Langu alilikubali kwa sababu naliendesha mimi. Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, alikuwa amelala nyumbani kwangu Mpumudde, Jinja, amepooza upande mmoja, na daktari alishatuambia tumrudishe nyumbani tukae naye. Simu ya picha tuliijaribu, Mama akageuza uso. Alisema yeye haagani na ndugu yake kwenye kioo cha simu.

Niseme ukweli, nilikasirika. Ile sauti nilikuwa nikiisikia wiki mbili nzima. Nikajiambia ni matairi, na ikizidi naongeza sauti ya kaswida. Sasa nikamwambia Mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba woga wake ndio utakaomkosesha ndugu yake. Nikageuza gari, tukarudi polepole nyumbani kwake Nkoma, hapo hapo Mbale.

Kesho yake asubuhi nililipeleka gari kwa fundi mmoja Mkenya, gereji yake iko kandokando ya barabara kuu. Akalipiga jeki, akaniambia niweke mkono kwenye springi ya mbele kushoto, halafu akazungusha gurudumu. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, najua chombo kinapolalamika. Springi ilitetemeka chini ya kiganja changu kama cherehani iliyokosa mafuta.

"Madam, beringi imeisha," akasema. "Jinja ungefika kwa bahati tu."

Nikakaa chini, juu ya tairi kuukuu. Mama alikuwa amesema kweli, na mimi nilikuwa nimemkemea.

Fundi aliing'oa ile beringi, akaifunga kwenye gazeti, akanipa. Kwetu hapa hununui kipuri kwa kutaja jina la gari. Magari haya yameshapita mikono mingi, na kila aliyekuwa nayo ameweka chake. Unachukua kile kibovu unatembea nacho duka kwa duka, kama mtu anayetafuta kifungo cha kufanana na vingine.

Duka la kwanza waliniletea mpya ndani ya boksi linalong'aa, wakaapa kwamba ni orijino. La pili wakanipa iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari la Japani. Muuzaji akasema iliyotumika ya Japani inaishinda mpya ya hapa mara kumi, na hivyo ndivyo tunavyoamini karibu sote, mimi mwenyewe nikiwemo. Nikaishika. Nzito, inazunguka bila kelele. Nilikuwa nimeshafungua pochi nilipomuuliza itadumu kiasi gani. Akacheka. "Mama, hayo ni ya Mungu." Siku nyingine jibu hilo lingenitosha, lakini nilikuwa na mtu wa kumpakia. Nikafunga pochi nikatoka.

Duka la tatu lilikuwa dogo. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, kofia ya kiua kichwani, hana haraka wala hana tabasamu. Nikamsalimu, akaitikia, akakunjua gazeti langu. Hakuuliza nina shilingi ngapi. Aliuliza, "Nani anapanda gari hili?" Nikaanza kumweleza, na kabla sijafika mbali nikajikuta nalia mbele ya mwanamume nisiyemjua, katikati ya makopo ya oili. Akanisogezea kigoda, akangoja nimalize.

"Ya Japani iache," akasema. "Beringi ya namna hii huingia kwa kubanwa. Kuitoa kwenye gari la kwanza wanaigonga, na ikishagongwa imeumia ndani. Leo itanyamaza, mwezi ujao italia."

Akapima yangu kwa kipimo cha chuma: tundu la ndani, ukingo wa nje, unene. Akashusha mbili mpya, vipimo vilevile. Halafu akautazama mtandio wangu. "Una pini?"

Nikakunja uso. "Pini ya nini, bwana?"

"Nipe tu, dada."

Nikaichomoa, mkono mmoja nimebana mtandio chini ya kidevu, na maneno ya kumpa nimeshayapanga mdomoni. Akaigusisha kwenye beringi yangu mbovu. Upande mmoja pini ilianguka, upande wa pili ikang'ang'ania. Akaigusisha kwenye zile zake mpya, huku na huku, ikaanguka kote.

"Yako ina sumaku upande mmoja," akasema. "Breki zako zinaitumia hiyo kujua gurudumu linavyozunguka. Hizi zangu zitaingia, gari litatembea, na fundi atakwambia kazi imekwisha. Siku ya mvua ukikanyaga breki ghafla, utateleza." Akazirudisha rafuni.

Maneno yangu niliyameza. Ninavyowajua wauza vipuri, asiye na kitu hukwambia ukae, unywe soda kwanza, naye anachomoka kwenda kukichukua kwa jirani aje akuuzie kama chake. Huyu alifunga duka. Akanivusha barabara mpaka kwa mwenzake ambaye, fundi alikuja kuniambia baadaye, walikuwa hawasemeshani mwaka wa pili huo. Walisalimiana kwa shida. Akaomba beringi tatu, akazipima, akazijaribu kwa pini yangu, moja akaizungusha karibu na sikio kwa muda mrefu. "Hii," akasema. Nikamlipa mwenzake, nikamwomba yeye nimnunulie hata chai.

"Nenda, mama anangoja. Mwambie fundi upande unaoshika pini uingie ndani, na aibane kwa mashine ya presi. Nyundo isiiguse."

Fundi nilimkuta ameshashika nyundo.

"Madam, kazi hii nimeifanya miaka mingi."

"Na ufanye mingine mingi, lakini hii utaibana."

Akanuna. Alipoipeleka kwenye karakana yenye presi nilimfuata unyounyo, na nikaijaribu kwa pini mwenyewe kabla haijaingia. Mpaka tunamaliza alikuwa anacheka, ananiita Afande.

Mama hakutuamini, si mimi si fundi. Alitaka kusikia kwa masikio yake. Akajikongoja na fimbo yake mpaka barabara ya lami, akaomba kiti kwenye duka moja, akaketi, akaniambia nipite mbele yake kwa kasi. Nikapita. Akanionyesha kidole: tena. Nikapita mara ya pili, akiwa amefumba macho. Mara ya tatu akainuka, na hapo nikaona mfuko wake wa safari chini ya kiti. Alikuwa ametoka nao nyumbani.

Njiani nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa maneno yale."

"Angalia barabara," akasema.

Tulifika Mpumudde jua likiwa bado liko juu. Mama hakutaka kiti. Alivua viatu, akapanda kitandani, akajilaza upande ule wenye uhai, na mama mdogo akainua mkono wake mmoja mzima akamshika sikio, akalivuta. Mama akasema ndivyo mdogo wake alivyokuwa akimfanyia utotoni, akitaka kumwamsha. Nikatoka nikawaacha.

Walikaa pamoja siku tisa. Mama ndiye aliyemlisha uji, ndiye aliyemfumba macho. Yule bwana wa vipuri sikumuuliza jina lake, na aibu ya machozi yangu ilinifanya niondoke mbio. Kwa hiyo nikimaliza kuswali namtaja kwa tendo lake: Mola, mlipe kheri yule aliyefunga duka lake.