Mstari Wangu wa Watu Kumi na Wawili

Mwaka ule wa kumchagua rais, walipotokea wagombea watatu, shemeji yangu alikuwa anakuja kila jioni kukaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake, mume wangu, na kutufundisha siasa.

"Wa kwanza ana nguvu," alisema. "Wa pili angeweza kumsumbua. Sasa huyu wa tatu amekuja kufanya nini? Kuharibu tu. Anamkatia mwenzake kura."

Alisema hivyo kana kwamba hakuna mtu mle nyumbani anayejua wa tatu ni nini. Mimi nilijua. Niliwahi kuwa wa tatu, na mtu niliyemkatia kura alikuwa ameketi pale pale anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

Huyo ni mke mwenzangu. Nitaeleza alivyokuja, maana bila hiyo hamtaelewa nilichofanya.

Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, tulikuwa mjini Arua. Mume wangu alikuwa askari, na askari wa serikali iliyoanguka hangoji kuulizwa. Tulitoka na godoro moja na sufuria mbili, tukakaa kidogo kwa watu wangu, kijijini Ludara, halafu tukavuka mpaka kwenda Zaire pamoja na wengine. Huko nililima mashamba ya watu. Mume wangu hakulima. Alitafuta mke.

Alikuwa msichana wa upande ule, amemaliza darasa la saba, anajua kuandika barua. Mimi niliacha darasa la pili. Watu hudhani nilimwonea wivu kwa sura yake. Hapana. Mwenye sura nilikuwa mimi, na hata yeye alikubali. Nilimwonea wivu kwa sababu watu walimsikiliza. Akisema jambo, mume wangu alipunguza sauti ya redio. Mimi nilipoongea, redio iliendelea. Nilikuwa nimezaa na yule mtu watoto watano, nimebeba godoro lake kichwani mpaka nchi nyingine, na hakunipunguzia redio hata siku moja.

Tuliporudi baada ya miaka tulikaa Koboko, mji ulio karibu na Ludara, na mume wangu akaomba nafasi moja sokoni kwa ajili ya wake wote wawili. Kwa hiyo tulikaa bega kwa bega, mimi na unga wa muhogo, yeye na samaki wakavu. Mteja aliyekuja kwangu kununua unga alisimama kuzungumza naye. Aliyenunua samaki kwake hakuzungumza na mimi. Mwenzangu alijua mtoto wa nani ana surua, mume wa nani amerudi kutoka Sudan, nani amefiwa. Mimi nilijua bei ya unga. Nilikuwa nampimia mtu vizuri, najaza kikombe mpaka kinamwagika, na bado aliaga kwake: "Haya mama samaki, tutaonana."

Kisha yakaja mabati. Watu wa misaada walileta lori zima kutoka Arua, mabati na nguzo za chuma za kujenga paa la soko. Lakini yalitosha nusu ya soko tu. Wakubwa wa baraza wakasema wanawake wachague mwenyekiti wao, na mwenyekiti ndiye atakayegawa nafasi chini ya paa.

Ninyi mnaonunua unga dukani kwenye pakiti hamjui paa ni nini. Unga wa muhogo ukipata mvua mara moja, umekwisha, unaota ukungu, unanuka. Kitenge kikilowa unakianika. Kwa hiyo sisi wa chakula tulilihitaji lile paa kuliko watu wote. Lakini wenye vitenge walilitaka pia, na mgombea wao alikuwa mke wa mwenye duka, mwanamke mwenye sauti kubwa na viatu vya ngozi. Wa chakula walimsimamisha mwenzangu. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha.

Siku mbili kabla ya uchaguzi, yule mke wa mwenye duka akaja kwenye meza yangu na kilo ya sukari. Mwenzangu alikuwa ameenda msibani.

"Mama," akasema, "mimi nakuheshimu. Lakini kitu moja inanishangaza. Wewe iko mukubwa ya nyumba. Kesho kutwa utasimama nyuma ya mutoto?"

Hakusema zaidi ya hayo. Aliacha sukari akaenda. Sikuwa mjinga, nilijua sukari imetoka wapi na inataka nini. Lakini yale maneno hayakuwa uongo, na wivu haukosi kazi ukipewa neno moja la kweli. Usiku na mchana niliona picha ile: mimi nyuma yake, natazama kisogo chake.

Wakati ule hatukupiga kura kwa karatasi. Mgombea alisimama uwanjani, na wanaomtaka walipanga mstari nyuma yake. Kila mtu alionekana na kila mtu. Mgombea mwenyewe aliambiwa atazame mbele, asigeuke, ili asiwatishe watu kwa macho. Ofisa akipiga filimbi, hakuna tena kuhama mstari. Kinachobaki ni kuhesabu.

Siku hiyo, uwanjani, ofisa aliuliza kama kuna mgombea mwingine. Nikasema, "Iko. Mimi."

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Mwanamume mmoja wa machinjioni akapaza sauti: "Mzee wa ile boma amekwisha! Wake wawili wanataka kiti, yeye atakaa wapi?"

"Jikoni!" wakamjibu.

"Mnacheka," akasema mama mmoja mzee muuza simsim, yaani ufuta, "lakini kuku mbili ikipigana, mwewe nakula."

Mwenzangu alinitazama mara moja tu. Kisha tukapangwa: mke wa mwenye duka upande wa kulia, mwenzangu katikati, mimi kushoto. Kati yangu na yeye palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Nyuma yangu nilisikia miguu. Walikuja wanawake wa Ludara, wa ukoo wetu, na wengine wachache wa kijiji cha Kuluba waliokuwa wananunua unga kwangu. Nyuma ya wale wawili nilisikia miguu mingi.

Sasa nawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka mingi. Mimi sikutaka kile kiti. Ningefanya nini na kiti, na kusoma sijui? Mpango wangu ulikuwa huu: mwenzangu ataogopa, ataniomba. Atasema, "Dada mukubwa, naomba, nipe watu wako." Soko lote litasikia. Hapo ningepaza sauti niwaambie watu wangu, "Nendeni kwa mdogo wangu," na angeshinda, lakini angeshinda kwa mkono wangu, na wote wangejua.

Nikangoja. Jua lilikuwa kali. Tulikuwa tumetazama mbele wote wawili kama askari. Mwishowe akaongea, chini chini, bila kugeuza kichwa.

"Dada mukubwa."

"Nini?"

"Kitambaa yako imeanguka nyuma. Jua itakuchoma."

Nikangoja yafuate mengine. Hayakufuata.

"Ni hiyo tu?" nikauliza.

"Ni hiyo tu."

Nilivuta kitambaa kichwani kwa hasira. Nikasema moyoni, kama ni hiyo tu, basi. Filimbi ikalia.

Ofisa alihesabu akigusa kila mwanamke begani. Mke wa mwenye duka, hamsini na wanane. Mwenzangu, hamsini na mmoja. Mimi, kumi na wawili. Jumla hiyo hata aliyeacha darasa la pili anaiweza.

Paa lilipokwisha kujengwa, chini yake waliingia vitenge, sabuni, masufuria na kandambili. Sisi wa chakula tulibaki tulipokuwa. Mvua ya kwanza kubwa ilichukua unga wangu magunia mawili. Samaki wake wakalowa wakaingiwa na funza. Alimwaga samaki shimoni, mimi nikamwaga unga, tukarudi nyumbani njia moja bila neno. Mume wangu alisema kitu kimoja tu, "Ninyi wawili mmeshindwa na mmoja," akafungua redio. Nilingoja mwenzangu anitukane. Wiki, mwezi, mwaka. Hakunitukana. Na hilo pia nilimwonea wivu, kwamba aliweza kunyamaza namna ile. Mimi nisingeweza.

Basi, turudi kwa shemeji na wagombea wake watatu. Alipomaliza kusema wa tatu ni wa kuharibu, mwenzangu akaacha maharage.

"Hapana, shemeji," akasema. "Kura ya mutu iko ya mutu. Wewe unasema amekatiwa, kama vile ilikuwa kwa mufuko yake tayari. Wale wa nyuma ya tatu, nani alikuambia wangeenda kwa pili? Wengine wangekaa nyumbani tu, walale."

"Lakini wangeenda!" shemeji akasema.

"Uliwauliza?"

Watu wote walikuwa wanamsikiliza, kama kawaida akiongea yeye. Nami nikasema, sijui kwa nini, "Na wale wangu? Siku ile ya mstari?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja. Aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa.

"Wale wako? Wangekuja kwangu wanne. Nilifikiri siku ile ile. Wanne haitoshi. Ningeshindwa tu. Usijisumbue, dada mukubwa."

Mngefikiri nilipumua. Sikupumua. Nilikasirika vibaya sana. Miaka yote ile nilikuwa nimeubeba ule ubaya kama mzigo wangu mwenyewe, kitu kikubwa nilichomfanyia yule mwanamke, na sasa ananiambia hata ubaya wangu haukumfikia. Wanne! Yaani hata kwa kuharibu sikuhesabika.

Kesho yake nilivaa viatu nikaenda kuwauliza. Niliwakumbuka wote. Mtu aliyesimama nyuma yako hadharani, wewe ukichekwa, humsahau. Nilikwenda Ludara, nikaenda Kuluba, siku tatu kwa miguu na kwa baiskeli za kulipia. Swali lilikuwa moja: kama nisingesimama, ungesimama wapi? Mmoja alikuwa amekufa. Watatu walisema wangebaki mashambani, walikuja kwa ajili ya ukoo tu. Wanane walisema bila kufikiri, "Kwa mdogo wako, kwani wapi tena?" Na mmoja kati ya hao akaongeza, "Tulidhani utatuambia tuhamie kwake. Tulikuwa tunangoja neno lako."

Wanane na hamsini na mmoja. Nilihesabu njiani mara nyingi, nikitumaini nimekosea. Hamsini na tisa.

Siku ya kura ya rais tulikwenda pamoja, mimi na yeye. Safari hii ilikuwa karatasi yenye picha tatu, na mtu anaweka alama peke yake, haonekani. Tulipokuwa kwenye foleni nikamwambia, "Walikuwa wanane."

Alielewa mara moja. Akahesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo ningeshinda."

"Ungeshinda kwa mmoja."

"Na wewe ulitaka nini pale? Kiti?"

"Nilitaka uniombe. Watu wasikie."

Akacheka. Kisha kicheko kikakatika, na kwa mara ya kwanza tangu Zaire nikamwona amekasirika. "Kuombwa tu? Samaki yangu imeoza mvua ngapi? Mama simsim alilala na ugonjwa ya kifua kwa sababu ya baridi ya ile mvua. Watu wote wale, kwa sababu ya kuombwa?" Akatoka mbele yangu, akaenda kusimama mwisho wa foleni, mbali. Akapika kwa sufuria yake peke yake wiki nzima.

Matokeo yaliposomwa redioni, wa kwanza alikuwa amewaacha wenzake mbali sana. Hata ungechukua kura zote za yule wa tatu ukamwagia wa pili, asingefika popote. Kwa hiyo sikubali kwamba kila wa tatu ni wa kuharibu. Huyo wa rais simjui na sina neno naye. Inategemea wawili wa mbele wameachana kiasi gani, na walio nyuma ya wa tatu wangekwenda wapi bila yeye. Mtu asikwambie anajua kama hajawauliza. Mimi niliwauliza. Wa rais hakuharibu. Mimi niliharibu.

Siku ya soko iliyofuata nilisimama katikati ya wauza chakula, jua likiwa kichwani, nikasema kwamba paa tulilikosa kwa sababu yangu, na kwamba namwomba mdogo wangu msamaha, na wote waliolowa.

Mwenzangu alikuwa anapanga samaki. Hakuacha kupanga.

"Rudia, dada mukubwa," akasema. "Wale wa ndizi kule mwisho hawakusikia."

Nikarudia, kwa sauti. Wakacheka wote, wa ndizi, wa simsim, hata wenye vitenge chini ya bati lao. Kisha, kama kawaida, wakamgeukia mwenzangu waone atajibu nini.