Mojito ya Mrehani

Kwa miaka mingi nilichanganya vinywaji kwenye baa ya hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo. Wageni walipenda sana mojito: nilikandamiza nanaa na sukari, nikakamulia ndimu, nikamimina ramu, barafu na maji ya gesi. Mwenyewe sikuonja hata tone. Nikitaka kujua kama nimepatia, nilitazama uso wa mgeni.

Dada yangu mkubwa, anayelima Makurunge, hilo hakulijua wala hakuuliza. Kwake kazi yangu ilikuwa haramu na chumo lake haramu. Mke wangu alipofariki alikuja msibani, akalia kuliko wote, akapika na kuwakirimu waombolezaji, lakini yeye alikwenda kula kwa jirani. Nilimwona akivuka uwanja, kanga imemfunika uso. Baada ya arobaini hakukanyaga tena kwangu.

Hoteli ikafungwa. Mimi na marehemu hatukujaaliwa mtoto, basi nikabaki peke yangu katika nyumba hii ya Dunda. Asubuhi hupita na mambo ya sokoni. Ila alasiri, nikishaswali, kimya kinaingia ndani na kukaa kama mwenyeji.

Ndipo nikaanza kujitengenezea vile vya hotelini, bila kileo. Nanaa haistawi uani kwangu, nikatia mrehani aliouotesha mke wangu kando ya karo. Mrehani haupondwi sana, ukipondwa sana huacha uchungu. Pinakolada naitengeneza kwa tui zito, nanasi lililoiva hadi kunukia, na hiliki kidogo. Nikitaka ukali nachukua ukwaju uliolowekwa, tangawizi mbichi na chembe ya chumvi. Mkono, hata hivyo, umezoea kuhudumia watu. Mara nyingi nilijikuta nimejaza glasi mbili, na ya pili nikaimwaga.

Mwaka huu, mchana wa jua kali, nikasikia hodi. Nilipofungua, dada alikuwa mlangoni. Alitoka hospitali kupimwa macho, na bodaboda iliyokuwa ikimrudisha kwake ilipata pancha mtaani kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nipe kivuli kidogo, dereva anaziba tairi."

Nikamwekea kiti. Nilikuwa nimeshachanganya mojito yangu, iko mezani. Akaikodolea macho.

"Ndivyo hivi ulivyokuwa ukiwapa Wazungu?"

"Ndivyo. Ila hiki hakina kileo."

"Wallahi?"

"Wallahi, dada."

Akainua glasi, akanusa, akasema Bismillahi. Alikunywa nusu kwa pumzi moja, kisha akaiweka chini.

"Sukari imezidi," akasema.

Nikamkamulia ndimu nyingine. Akanywa iliyobaki taratibu, akiuchambua mrehani kwa ncha ya kijiko.

"Na ile ya huko, yenye ulevi, ikoje ladha yake?"

"Sijui. Sijawahi kuonja."

"Miaka yote ile?"

"Yote."

Akanitazama muda mrefu, kwa macho yake yale yanayoingia ukungu. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alishika ncha ya kanga akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitamani aseme neno lolote, hata la kunigombeza. Nje dereva akapiga honi.

Nilimwomba alale, asubuhi nimsindikize mwenyewe. Akasema kuku wake hawana wa kuwafungia. Alipofika mlangoni akageuka. "Wewe ndugu yangu unakaaje humu peke yako? Njoo Makurunge. Chumba cha uani kipo kitupu."

"Nitakuja, dada," nikamwambia.

Siku hizi hunipigia simu kila Ijumaa. Ananiuliza nimekula nini, nimelalaje, na lini ninakwenda. Namwambia karibuni. Tukishaagana, nakaa na simu mkononi, nikiitazama nyumba: kitanda, kabati, nguo za marehemu ambazo bado sijagawa. Sijui nianze kufungasha wapi.